Kalamu ya Dada Debaki

Kila siku isipokuwa Jumamosi, siku ya mapumziko, Rojina Rai aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanawa uso kwa maji baridi ya kung'ata, akajifunga shali kichwani na kuteremka ngazi za mawe za soko la Dhankuta, mji wa milimani, kwenda kumchukua mwalimu Debaki, ambaye kwa heshima alimwita dada. Wenzake wa darasa la nane walikuwa bado wamejikunyata ndani ya mablanketi. Yeye alikuwa na kazi. Tena kazi yenyewe ilikuwa na jina, na barua yenye muhuri wa shule: mwandishi wa mtahiniwa.

Debaki Shrestha alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka minne, kwa surua. Hilo halikumzuia kusoma hadi akahitimu chuo, wala kufundisha maarifa ya jamii katika shule ya akina Rojina. Lakini alikuwa mwalimu wa muda, yule ambaye kila mwaka mpya wa masomo hajui kama ataitwa au ataachwa. Alichokitaka ni kuwa afisa wa serikali, mwenye meza yake na kazi ya kudumu, na njia ya kufika huko ilikuwa moja tu: mtihani wa kuajiri maafisa. Alikwisha kuufanya mara mbili, na mara zote mbili akaanguka kwenye mchujo wa kwanza, kwa alama chache za kutia uchungu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa. Sheria haikuwa na huruma: mwanamke akitimiza arobaini, mlango umefungwa. Huu ulikuwa mtihani wake wa mwisho.

Mtahiniwa asiyeona huruhusiwa kuwa na mtu wa kumsomea maswali na kumwandikia majibu. Ila mtu huyo asiwe msomi wa kumzidi, ndiyo maana hutafutwa wanafunzi. Mwalimu mkuu alipoulizwa ni nani anayesoma bila kukwama na mwenye mwandiko safi, hakusita. Alimtaja Rojina, bingwa wa chemsha bongo wa shule nzima.

"Sikiliza, mdogo wangu," dada Debaki alimwambia siku ya kwanza. "Watakuja watu kukwambia wewe ni macho yangu. Waache waseme. Mimi macho siyahitaji, nimezoea. Wewe ni kalamu. Na kalamu huandika inachoambiwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Kumbe kuelewana kwa mdomo ni rahisi.

Mazoezi yalifanyika ghorofani kwa mzee Kulbahadur Tamang, karani mkuu wa wilaya aliyestaafu kazi lakini hakustaafu ukali. Watahiniwa watano waliketi kwenye mikeka, mablanketi mabegani, kila mmoja na karatasi yake. Mzee alikuwa na kitabu kinene cha mitihani ya majaribio: maswali hamsini kila mtihani, majibu manne kila swali, chagua moja. Jibu sahihi lilikupa alama mbili. Ukiacha wazi, hupati wala hupotezi. Lakini ukikosea, unakatwa. Makosa matano yalimeza jibu moja sahihi.

"Hapa hafaulu mwenye kujua mengi," mzee alipenda kusema huku akigonga kitabu kwa kidole. "Hufaulu anayejua ni lipi asilolijua. Hilo aliache."

Kwa kuwa wengine walikuwa chumba kimoja nao, dada Debaki hakuweza kutamka majibu yake. Rojina alimnong'oneza swali sikioni, naye akajibu kwa kumgonga kiganjani kwa kidole: mara moja kwa jibu la kwanza, mara mbili kwa la pili, hivyo hivyo hadi nne. Akikunja ngumi, maana yake ni "ruka, sijui." Hakuna aliyejua kilichogongwa ila wao wawili.

Kitabu Rojina alikwenda nacho nyumbani kila jioni, ajizoeze kusoma maswali ya kesho bila kigugumizi. Nyuma ya kitabu kulikuwa na majibu. Mzee Kulbahadur alimwonya asiyaangalie. Lakini macho ya bingwa wa chemsha bongo wa miaka kumi na mitatu ni nani angeyazuia? Aliyaangalia, na kichwa chake kikayanasa yote.

Wiki tatu za mwanzo mambo yalikwenda sawa. Alama za dada Debaki zilikuwa arobaini na sita, arobaini na tisa, arobaini na saba. Kisha ikaja asubuhi moja ya ukungu. Dada Debaki alikuwa hajapata usingizi kwa sababu mama yake alikohoa mpaka kunakucha, na alipofika mlangoni kwa mzee akakutana na Tikaram Bhattarai, kijana mcheshi asiyejua wakati wa kunyamaza.

"Dada Debaki," Tikaram alisema, "hizo alama zako zimeng'ang'ania arobaini na kitu. Au zimetangulia kukusubiri huko kwenye miaka arobaini?"

Wote walicheka. Dada Debaki naye alicheka, lakini Rojina alimwona akimeza mate.

Kwenye swali la thelathini na mbili, kidole kiligonga mara moja. Rojina alijua kwamba jibu ni la nne. Alimtazama dada Debaki aliyeketi pale na macho mekundu ya kukesha, akamwonea huruma. Huruma ile ilikuwa ya kweli kabisa, hilo tusimnyime. Akaweka alama kwenye la nne. Baada ya maswali machache akafanya hivyo tena, na tena.

Mzee Kulbahadur aliposahihisha, alitangaza, "Debaki, hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili!" Dada Debaki aliushika mkono wa Rojina akaubana. "Lo! Mdogo wangu, una mkono wa baraka wewe!"

Rojina alifurahi mpaka akasahau kuona haya. Na kosa lililoleta furaha hurudiwa haraka. Kesho yake alibadilisha majibu manne, kesho kutwa sita. Alama zikawa hamsini na nane, kisha sitini na nne. Mzee Kulbahadur, ambaye hakuwahi kumpa mtu kitu, alimpa Rojina chungwa. Tikaram alisema, "Jamani, nikodishieni na mimi huyo mtoto!" Siku hizo Rojina alitembea sokoni kifua mbele. Alijiambia kwamba dada Debaki anapata moyo, na mwenye moyo hufaulu. Nani ataumia?

Jibu la swali hilo lilianza kuonekana mapema kuliko alivyodhani. Dada Debaki aliacha kukunja ngumi.

"Mbona siku hizi huruki maswali, dada?" Rojina alimuuliza wakipanda ngazi kwenda shule.

"Niruke kwa nini? Siku hizi nikikisia, napata tu. Miaka yote hii nimekuwa nikijidharau, kumbe kichwa kinajua. Mtihani huu sitaacha hata swali moja wazi."

Rojina alipunguza mwendo. Kwenye mtihani wenyewe maswali yangekuwa mapya, yasiyo na majibu ya kuchungulia nyuma ya kitabu. Alilijua hilo vizuri. Lakini asubuhi ile ile dada Debaki alikuwa amepata sabini na tatu na ushei, na mzee alikuwa amempigia makofi. Angeanzia wapi kusema?

Zilipobaki siku kumi na tatu, mambo yalifika pabaya. Mzee Kulbahadur alikuwa akirudisha karatasi na kueleza maswali magumu.

"Swali la kumi na saba. Haki ya makazi imo katika ibara ya ngapi ya katiba? Hapa mmeanguka wote isipokuwa Debaki. Ni ya thelathini na saba, jibu la tatu."

Dada Debaki aliinua uso. "Mimi nimepata?"

"Umepata."

"Hapana, mzee. Mimi nilijibu thelathini na sita. Nakumbuka kabisa, niliichanganya na ile ya chakula. Nilijibu la pili."

"Hapa pamewekwa alama kwenye la tatu, mwanangu. Wino ninauona."

Dada Debaki alimgeukia Rojina polepole. "Rojina, niligonga mara ngapi?"

Rojina aliinamia karatasi. Watu wote walikuwa wakimtazama, hata mke wa mzee aliyekuwa ameshika sinia la chai mlangoni.

"Mara tatu, dada," alisema.

"Mara tatu?"

"Ndiyo."

Dada Debaki hakubisha. Aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Mh. Basi nimesahau nilichokifanya nusu saa iliyopita."

Tikaram alitia utani kuhusu uzee, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Njiani dada Debaki alihesabu ngazi kwa sauti ndogo. Mtu asiyeona huweka mambo yake yote kichwani: duka liko wapi, ngazi ni ngapi, sauti hii ni ya nani, sheria hii inasemaje. Yeye daftari lake lilikuwa kumbukumbu yake, na sasa alikuwa ameambiwa kwamba daftari limeanza kuchanika. Rojina alitembea kando yake amemshika kiwiko, na alijiona mtu mbaya kuliko wote Dhankuta.

Siku mbili zilizofuata hazikuwa nzuri. Dada Debaki alikuja mazoezini, lakini kila baada ya maswali mawili alinong'ona, "Hebu niambie, nimegonga ngapi?" Rojina safari hii aliandika kama alivyogongewa, wala hakubadilisha hata moja, na alama zikaporomoka hadi arobaini na tano. Dada Debaki alipozisikia alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyezitegemea.

Jumamosi mama yake Rojina alimtuma kwa akina Debaki na kikapu cha machungwa. Alimkuta mama yake Debaki juani barazani, akianika majani ya haradali aliyoyachachusha kwa ajili ya mchuzi wa majira ya baridi. Dada Debaki aliketi pembeni akiyachambua kwa vidole. Kando yake kulikuwa na begi dogo lililofungwa.

"Umefika wakati mzuri, mwanangu," mama yule alisema. "Mwambie dada yako asiende. Mimi hanisikii."

"Anakwenda wapi?"

"Dharan, kwa daktari wa kichwa. Eti amepoteza kumbukumbu! Siku tatu hizi hali chakula. Ananikalisha hapa nimsikilize akitaja wilaya zote sabini na saba, akimaliza anaanza upya. Jana nimemkuta analia. Mtihani umebaki siku kumi, na yeye anataka kwenda kulala huko Dharan apimwe."

"Mama, nisipojua kilichonipata, huo mtihani nitaufanyaje?" dada Debaki alisema kwa utulivu. "Basi linaondoka saa sita. Nitarudi kesho kutwa."

Rojina aliweka kikapu chini. Angeweza kuaga na kuondoka, na daktari angesema kichwa ni kizima, na mambo yangepita. Lakini alimwona dada Debaki akigusa jani, akaliweka, akaligusa tena kuhakikisha kwamba kweli ameliweka. Hilo ndilo lililomshinda.

"Dada, usiende," alisema. "Huna ugonjwa wowote. Uligonga mara mbili."

Vidole vilisimama. "Umesema nini?"

"Lile swali la makazi. Uligonga mara mbili. Mimi ndiye niliyeandika la tatu. Na mengine pia, tangu ile siku uliyopata hamsini na mbili. Niliyasoma majibu nyuma ya kitabu, nikawa nakubadilishia. Nilikuonea huruma, dada. Kisha ulipofurahi, nikashindwa kuacha. Kisha mzee aliponiuliza... uliponiuliza, nikadanganya mbele ya watu." Hapo machozi yakamwangusha, akaketi chini palepale barazani.

Dada Debaki alishusha pumzi ndefu iliyotoka tumboni.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima."

"Kizima, dada."

"Asante Mungu." Alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, sauti ilikuwa imebadilika. "Na zile sabini na tatu?"

"Si zako."

"Si zangu! Umenivika kilemba cha ukoka, Rojina, nami nikatembea nacho soko zima kwa madaha! Siku tatu nimejiona nimechanganyikiwa, na wewe uko kando yangu umenishika mkono, unajua!"

"Nilitaka kukusaidia."

"Umenisaidia kuacha kukunja ngumi, basi! Ningeingia kwenye chumba cha mtihani nikakisia kila swali, nikaangukia pua. Mara ya mwisho ya maisha yangu. Ungekuwa umenisaidia hapo?"

Mama yake Debaki aliacha majani yake, akamkazia macho mtoto, kisha akamkazia binti yake, akayarudia majani.

Hasira ya dada Debaki haikuwa ya kelele, lakini haikuisha haraka. Alichambua majani yaliyobaki mpaka sinia likajaa. Ndipo akasema, "Nenda ndani, chukua karatasi zangu juu ya kabati. Kisha kimbia kwenu ulete kitabu na kalamu nyekundu. Acha kulia, machozi yataloanisha karatasi."

Walikaa pale hadi jua lilipopinduka. Rojina alisoma swali, dada Debaki akasema alichogonga siku ile, na Rojina akaweka wino mwekundu juu ya uongo wake. Si yote dada Debaki aliyoyakumbuka, lakini aliyakumbuka mengi kiasi cha kumshangaza mama yake. Walipopiga hesabu, zile hamsini na mbili zilikuwa karibu arobaini na tano. Zile hamsini na nane zilikuwa arobaini na nane na ushei. Sitini na nne zilikuwa karibu hamsini. Kisha, tangu alipoacha kuruka maswali, zilishuka hadi arobaini na tano.

"Unaona?" dada Debaki alisema. "Nilikuwa napanda mwenyewe, polepole. Ungeniacha tu."

Basi la saa sita liliondoka bila yeye.

Jumapili alfajiri, Rojina alisimama mbele ya watahiniwa wote akaeleza alichofanya. Hakuna aliyempangia maneno. Dada Debaki alimwambia tu kwamba uongo uliosemwa mbele ya watu hufutwa mbele ya watu haohao. Mzee Kulbahadur alighadhibika.

"Miaka thelathini na moja nimekaa ofisini!" alinguruma. "Karani anayeandika asichoambiwa ni hatari kuliko mwizi! Debaki, nenda kwa mwalimu mkuu leo hii, akupe mtoto mwingine. Siku bado zipo."

"Mwingine sijui udhaifu wake, mzee," dada Debaki alijibu. "Wa huyu naujua. Tena kaniambia mwenyewe, sikumkamata."

Mzee alinung'unika, akakichukua kitabu, akazichana kurasa zote za majibu na kuzifungia kabatini kwa kufuli. Kisha akakaa, akanywa chai, akasema mtihani uanze. Siku hiyo dada Debaki alikunja ngumi mara kumi na tatu. Alipata hamsini na tatu, zake mwenyewe. Siku nne baadaye alipata hamsini na saba.

Siku ya mtihani waliwekwa kwenye chumba kidogo peke yao, pamoja na msimamizi, mama mmoja mwenye miwani aliyekaa karibu kiasi cha kusikia hata wakimeza mate. Humo hamkuwa na kugongana viganja. Rojina alitakiwa kusoma kila swali kwa sauti isiyobadilika, na dada Debaki kutamka jibu. Mambo yalikwenda vizuri. "La kwanza." "La nne." "Ruka." "La pili."

Swali la arobaini na moja liliuliza: mlima Makalu ni wa ngapi kwa urefu duniani? Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita.

Rojina alikaribia kutabasamu. Makalu! Mlima huo walikuwa wakiuona anga ikiwa safi, na hata watoto wadogo wa Dhankuta walijua kwamba ni wa tano.

"La pili," dada Debaki alisema haraka. "Wa nne."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Alikuwa amechoka, tena ametoka kwenye maswali matatu ya sheria ya fedha. Ulimi ulikuwa umeteleza tu. Rojina aliona jinsi ilivyo rahisi. Si lazima hata aandike uongo. Angeweza kuuliza, "Wa nne, dada?" na kukaza sauti kidogo pale kwenye nne. Msimamizi asingejua. Alama mbili. Na kama ni hizo mbili ndizo zitakazompungukia?

Rojina aliweka alama kwenye la pili, akavuta pumzi, akasoma swali la arobaini na mbili kwa sauti ileile.

Walipotoka nje na kuanza kuteremka ngazi, dada Debaki alisimama ghafla katikati, mtu wa nyuma yao nusura awavae.

"Makalu!" alipiga kelele. "Wa tano! Wa nne ni Lhotse! Ole wangu, mwalimu mzima wa maarifa ya jamii! Rojina, wewe ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Ukaandika nini?"

"Wa nne."

Dada Debaki alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akamvuta Rojina na kumkumbatia palepale njiani, na watu wakapita wakishangaa ni mtihani gani huo unaofurahiwa hivyo. Rojina hakuweza kucheka. Tangu siku hiyo alilala na kuamka na zile alama mbili.

Matokeo ya mchujo yalibandikwa baada ya wiki saba, kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya tume ya kuajiri maafisa. Watu walikuwa wamesongamana. Rojina alijipenyeza hadi mbele, akaanza kufuata namba kwa kidole. Dada Debaki alisubiri kando ya ukuta, mikono ameifumbata, na Tikaram alisimama naye akipiga soga zisizo na kichwa wala miguu.

Rojina alirudi akihema. "Mbili, nne, sita, tisa. Imo, dada! Umepita mchujo!"

"We!" Tikaram alimkatiza. "Msishangilie bure. Huyu mtoto tunamjua na huruma zake. Ngojeni nikahakikishe kwa macho yangu."

Dada Debaki alimshika mkono. Midomo ilikuwa ikimcheza, lakini sauti ilikuwa imara. "Usisumbuke. Ameshasoma."

"Dada, mtu hujiridhisha."

"Nimeridhika. Mtu aliyeniachia kosa langu siku aliyokuwa analijua jibu, leo akiniletea ushindi siwezi kumshuku."

Tikaram alitazama ubao kwa mbali, akautazama tena, wala hakusogea. "Basi... hebu nisomee na yangu," alimwambia Rojina mwishowe. "Macho yangu leo yana vumbi. Tatu, moja, sifuri, nane."

Rojina alirudi ubaoni. Alisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Njiani kurudi alimwona Tikaram akimtazama kama mtoto anayesubiri sindano, na maneno matamu yakamjia yenyewe: pengine sijaona vizuri, pengine kuna orodha nyingine itatoka. Aliyameza.

"Haimo, kaka Tikaram," alisema. "Nimeisoma mara mbili. Pole sana."

Tikaram aliinama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alipoinuka, macho yake yalikuwa yamelowa, lakini alitikisa kichwa. "Asante," alisema. "Nimesumbuka na hofu wiki nzima. Afadhali nijue."

"Una miaka ishirini na saba, mdogo wangu," dada Debaki alimwambia. "Mlango wako bado uko wazi. Kesho alfajiri njoo kwa mzee, uanze pale ulipokosea." Kisha akatafuta bega la Rojina akaliegemea. "Nawe sikiliza, maana nataka ukue na neno hili. Ukimpenda mtu, mpe ukweli, hata ukiwa mchungu. Mwenye kujua pale aliposimama anaweza kupiga hatua inayofuata. Ukimdanganya kwa huruma, unamwondolea ardhi chini ya miguu, na siku ya kuanguka huruma yako haitamdaka."

"Nimesikia, dada."

"Haya. Bado kuna mtihani wa insha, mrefu kuliko huu, na baada yake usaili. Nahitaji kalamu. Unamjua mtoto yeyote anayeandika anachoambiwa?"

"Namjua mmoja," Rojina alisema, akamshika kiwiko, wakaanza kupanda ngazi pamoja, Tikaram akiwafuata nyuma.